Honi Haijalia Msimu Mzima

Karakana, 9 Januari

Baba, shikamoo.

Umesema simu hutaki tena, mtandao wa huko umeoza, na mtu mwenye jambo la maana akae chini aliandike. Haya, nimekaa. Niko kwenye benchi langu hapa karakana, feni linanipeperushia karatasi, na mafundi wenzangu wananicheka kwamba nimerudi enzi za stempu.

Wiki iliyopita tuliletewa ndege juu ya lori. Ndogo, ya kunyunyizia dawa mashambani, pacha wa yako. Rubani wake alikuwa anageuza mwishoni mwa shamba ili arudi na mstari mwingine, ikamwangukia ubavu. Yuko hai, ila miguu yote miwili imevunjika. Nimeifungua ndege ile kuanzia pua hadi mkia. Injini nzima, mafuta yapo, nyaya hazijakatika. Bosi wangu alipomtembelea hospitali, yule bwana alikuwa anarudia neno moja tu: mwendo ulikuwa sawa. Na mimi namwamini. Kipima mwendo chake nimekipima mwenyewe na hakina kasoro.

Baba, bawa haliachii hewa na kuiangusha ndege kwa sababu ya mwendo. Linaachia kwa sababu limeinuliwa mno dhidi ya upepo unaolijia. Tangi la dawa likiwa limejaa, ukailaza ndege kwenye kona na kuvuta usukani, ile pembe kati ya bawa na upepo inazidi kukua, huku kipima mwendo kinakuchekea tu. Mama alinitumia video yako ukigeuza pale kwenye nguzo za umeme. Niliitazama mara nyingi mpaka chai ikapoa.

Kwenye mzigo huu kuna kipimo cha hiyo pembe. Kijiti kinafungwa chini ya bawa, waya unapita ndani, na taa tatu zinakaa juu ya dashibodi usawa wa macho. Kijani, uko salama. Njano, punguza kuvuta. Nyekundu, bawa linakaribia kuachia. Hakijali umebeba mzigo gani wala umeilaza ndege kiasi gani. Fundi wa uwanjani anaweza kukifunga, maelekezo nimeandika kwa Kiswahili cha kueleweka.

Kifunge kabla ya msimu, baba. Nakuomba.

Binti yako,
Bisibisi

*

Nyumbani, 17 Januari

Bisibisi wangu, marahaba.

Mzigo umefika. Mama yako alidhani umetutumia redio, akaanza kufurahi. Nimemwambia ni taa za kuongozea magari, binti yetu ameona baba yake hajui kupita njia panda.

Sasa nisikilize. Mimi nimerusha ndege tangu wewe hujaota meno. Nimefundisha watu ambao leo wanavaa mabega ya dhahabu. Na wote niliwafundisha kwa njia moja: nilikuwa nafunika dashibodi nzima kwa kanga ya mama yako, halafu namwambia mwanafunzi, haya, rusha. Aliyezoea kuchungulia saa za dashibodi alitoka jasho. Aliyeelewa, alielewa kwamba ndege inasema na rubani kupitia makalio. Ikitaka kuachia, kiti kinakuwa chepesi chini yako, unajua, unaishusha pua, mambo yanaisha. Wewe mwenyewe ulikaa nyuma yangu ukiwa mdogo, ukasema tumbo limekuwa jepesi. Ulikuwa sahihi kuliko hizo taa zako.

Yule bwana wa miguu namhurumia kwa dhati. Lakini usinipime kwa miguu ya mtu mwingine. Mimi hata honi ya onyo, ile inayolia bawa likikaribia kuachia, haijanililia msimu mzima uliopita. Hata mara moja! Zamani ilikuwa inapiga kelele kila kona kama mtoto aliyenyimwa pipi. Siku hizi kimya. Nadhani imekufa, na sijaona haja ya kuifufua, kwa sababu unaona mwenyewe, niko hapa naandika.

Kipimo chako nimekiweka kabatini na vikombe vya wageni. Ni kizuri kukitazama.

Baba yako,
Kapteni

*

Karakana, 24 Januari

Baba, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye honi nikakaa.

Umeruka msimu mzima na honi iliyokufa? Wewe? Wewe uliyenichapa mkono kwa sababu nilifunga parafujo moja bila kuipaka mafuta? Kama ungekuwa mwanafunzi wako mwenyewe ungejifukuza uwanjani kabla jua halijapanda.

Sitaki tubishane kuhusu makalio. Kila mtu na yake. Lakini honi ni sheria, hilo hubishi. Kwenye bahasha hii nene kuna honi mpya. Nimeijaribu hapa benchini kabla ya kuifunga, ikapiga kelele mpaka bosi akatoka ofisini na kijiko mkononi kuuliza nani ameumia. Ibadilishe. Kisha nyanyua kile kibati cha kwenye ukingo wa bawa kwa kidole, kama unavyofanya siku zote kabla ya kuruka, uniandikie imeliaje.

Na kipimo kitoe kabatini. Nitaandika hivyo kwenye kila barua mpaka uchoke.

Bisibisi

*

Nyumbani, 5 Februari

Bisibisi,

Umeuziwa mbovu. Pole sana.

Nimeibadilisha honi kwa mikono yangu, nimekaza kila waya, nimenyanyua kibati. Kimya. Nimenyanyua tena. Kimya kabisa, kaburi. Mwambie bosi wako duka analonunulia linamcheza shere. Hata hizo taa zako sasa nazitilia shaka, maana kama honi yenyewe, kitu cha kupiga kelele tu, imewashinda, hicho kijiti cha kupima pembe kitajua nini?

Msimu unaanza mwezi ujao. Mwenyekiti wa wakulima ameshanipa ramani ya mashamba, mwaka huu tunaanza na yale ya bondeni yenye miti mirefu. Cheti changu cha afya kinakwisha Aprili, nitakwenda kwa daktari nikipata nafasi. Niko ngangari, usiwe na wasiwasi.

Mama yako anakusalimu. Anashona sare za shule, nyumba nzima imejaa vipande vya bluu.

Kapteni

*

Nyumbani, 6 Februari

Mwanangu,

Baba yako hajui kwamba naandika. Barua hii nimeiweka ndani ya gauni nililokushonea, naamini utaipata ukilijaribu.

Jana alinichukua twende uwanjani nimshikie taa wakati anafunga hiyo honi. Aliponyanyua kibati, mwanangu, ile honi ililia mpaka niliangusha taa. Njiwa wote waliokuwa kwenye paa la banda waliruka. Nikamtazama. Yeye alikuwa ameinamisha kichwa, anasubiri. Akanyanyua tena, ikalia tena. Akaniambia, unaona? Imekufa. Nilishindwa kusema. Nimeishi na mwanaume huyu miaka yote hii na sijawahi kushindwa kumwambia neno, lakini pale uso wake ulikuwa na uhakika kiasi kwamba ningemvunja.

Sio jana tu. Chereheni yangu ilikuwa inamuudhi akisoma gazeti, sasa haimuudhi. Redio anaiwasha mpaka majirani wanasikia habari kwetu. Simu ndiyo kabisa, anashika, anasema ndiyo ndiyo, anakata, halafu analaumu mtandao. Ukiwa mbele yake anakutazama mdomo anakujibu vizuri, ndiyo maana wengi hawajagundua. Sijui kama anajua. Nadhani anajua na hataki kujua.

Usimwaibishe, mwanangu. Lakini usimwache aende bondeni hivyo. Mimi sina tena maneno, nimebaki na roho mkononi.

Mama

*

Karakana, 14 Februari

Baba,

Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena. Hii ndiyo nimeona bora kuliko zote, na bado sio nzuri.

Honi ni nzima. Niliisikia kabla sijaituma, na karakana nzima iliisikia. Ukisema imekaa kimya, basi tatizo haliko kwenye honi wala kwenye waya. Umenifundisha mwenyewe namna ya kutafuta hitilafu: ukibadilisha kifaa na ubovu ukabaki, ubovu hauko kwenye kifaa. Nenda hatua inayofuata. Hatua inayofuata ni masikio yako, baba.

Najua unavyojisikia ukisoma hapo. Mimi pia nililia nikiandika, na sio kawaida yangu. Lakini afadhali unikasirikie ukiwa hai.

Nina mambo mawili, na sitalegeza hata moja. La kwanza, kipimo kifungwe sasa, kabla hujaenda bondeni. Hakihitaji masikio, kinahitaji macho, na macho yako ni ya mwewe. La pili, uende kwa daktari umwambie ukweli kabla hajakuuliza. Usisubiri Aprili. Kipimo hakichukui nafasi ya daktari. Kinakulinda tu mpaka ufike kwake.

Ikiwa mwezi wa tatu utaingia na kile kipimo bado kinalala na vikombe, nitamwandikia mwenyekiti wa wakulima mimi mwenyewe, kama fundi mwenye leseni, na nitaweka jina langu. Unajua nitafanya. Kichwa hiki kigumu sikukiokota njiani.

Nakupenda, baba. Sijawahi kukuandikia hivyo, basi leo nimekuandikia.

Bisibisi

*

Nyumbani, 20 Februari

Umenitishia. Mtoto niliyempa bisibisi ya kwanza kuchezea ananitishia kwa karatasi.

Masikio yangu ni mazima. Fundi wa uwanjani tangu asubuhi anafunga hicho kidude chako, sio kwa sababu ya vitisho, ila nataka uone kitakavyokaa kijani msimu mzima, mwanzo mwisho. Nitakupigia picha. Halafu utaniomba radhi kwa maandishi, ukurasa mzima.

Kapteni

*

Nyumbani, 12 Machi

Bisibisi,

Nimekaa sebuleni, mama yako amesimamisha kushona ili nipate meza.

Tulifuata maelekezo yako. Fundi na mimi tulipanda juu sana, tangi tupu, nikaiachisha ndege makusudi mara kadhaa mpaka taa zikajua bawa langu. Kurudi chini nikamwambia fundi, haya, ameridhika huyo wa mjini. Siku za mwanzo nilikuwa na raha. Mashamba ya tambarare, kona pana, kijani tupu. Nilishaanza kutunga barua ya kukucheka.

Jumamosi tukaingia bondeni. Jua kali, tangi limejaa pomoni, na kule mwisho wa shamba kuna mstari wa miti, nyuma yake nyaya za umeme. Kona yenyewe inabana. Niliifanya kama ninavyofanya miaka yote: nikapandisha, nikalaza, nikavuta. Kipima mwendo kilikuwa juu kidogo ya namba ninayoiamini. Kiti chini yangu kizito, kimetulia, hakuna wepesi wowote. Ningekula kiapo kwamba niko salama. Nikatupa jicho kwenye taa ili nijisifu.

Nyekundu.

Bisibisi, nilifikiri imeharibika. Nakuambia kama ilivyokuwa: wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba kidude kinasema uongo, na nikaendelea kuvuta. Halafu bawa la kushoto likatetemeka. Kidogo tu. Ndipo nikaamini. Nikalegeza, nikanyoosha mabawa, nikavuta mpini wa kumwaga, dawa yote ikaenda kwenye miti ya watu. Nyaya zilipita chini ya magurudumu karibu sana, sitaki kukuambia karibu kiasi gani, na wewe usimuulize fundi.

Nilitua. Nikamwambia fundi aniletee mama yako. Fundi alidhani nimeumia, akampakia kwenye pikipiki na utepe wa kupimia bado uko shingoni. Nikamwambia mama yako asimame pale kwenye bawa anyanyue kibati. Mimi nikaingia ndani, nikapitisha mkono nyuma ya dashibodi mpaka nikaifikia ile honi, nikaifunika kwa kiganja. Nikamwashiria: nyanyua.

Ilitetemeka mkononi mwangu kama kifaranga. Sikusikia kitu. Ilikuwa inalia, mwanangu, ilikuwa inalia kwa nguvu zake zote, na mimi nimeishika. Nikatazama nje. Mama yako alikuwa amegeuza uso.

Kumbe imekuwa ikinililia msimu mzima. Kila kona.

Tangu Jumamosi nafikiri jambo moja. Yale makalio yangu. Nimewaambia wanafunzi wote hao kwamba ni kiti kinachosema. Sasa nadhani kiti kilikuwa kinasema nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa upepo. Ndege ikikaribia kuachia, mluzi mwembamba wa upepo unaopita kwenye kioo unabadilika, na mimi nilikuwa nausikia bila kujua kwamba nausikia. Nikadhani najua kwa mwili mzima. Masikio yalipoondoka hayakuniaga, na mimi nikaendelea kumwamini mtu ambaye ameshahama.

Sijaruka tena. Mwenyekiti ananitafuta. Nimemwambia dawa imekwisha, ambayo ni kweli, niliimwaga.

Baba yako

*

Karakana, 18 Machi

Baba yangu, shikamoo.

Barua yako nimeisomea chooni, ndipo mahali pekee hapa ambapo mtu anaweza kulia bila kuulizwa. Kisha nikanawa nikarudi kazini nikafunga gurudumu.

Sitakuomba radhi ukurasa mzima na wewe usiniombe. Umelegeza, umemwaga, umetua. Marubani wengi wenye masikio mazima wangeendelea kuvuta.

Sasa mtafute mwenyekiti kabla hajakutafuta yeye. Mwambie ukweli wote, sio habari ya dawa. Halafu daktari. Najua unachoogopa. Unaogopa utaingia pale rubani utoke mzee fulani. Siwezi kukuahidi kwamba haitakuwa hivyo. Natamani ningeweza. Ninachojua ni kwamba mama alikuja uwanjani kwa pikipiki ya fundi na akakukuta umesimama kwa miguu yako mwenyewe, na mimi nashika kalamu kukuandikia wewe, sio kuwaandikia watu wa rambirambi.

Nenda, baba. Ukitoka niandikie, hata kama ni mstari mmoja.

Bisibisi

*

Nyumbani, 2 Aprili

Bisibisi wangu, marahaba.

Nimekwenda. Mama yako alinisindikiza mpaka mlangoni, nikamwambia abaki nje, sitaki anisaidie kujibu.

Walinifungia kwenye kichumba kidogo chenye dirisha la kioo, wakanivisha vile vya masikioni, wakanipa kitufe. Ukisikia mlio, bonyeza. Nesi alikuwa upande wa pili anacheza na mashine yake. Baada ya kitambo nikagundua kwamba kwenye kioo cha kabati nyuma yake naiona mikono yake. Kila akigusa swichi, naona. Mwanangu, ningepata alama zote. Ningetoka pale na cheti, na nusu saa baadaye ningekuwa juu ya mashamba.

Nikafumba macho. Nikakaa hivyo mpaka mwisho, kidole juu ya kitufe, karibu muda wote bila kubonyeza.

Daktari ni kijana mpole, aliniandikia kila kitu ili nisome. Sauti nyembamba zimekwenda na hazirudi. Za chini zimebaki kiasi. Nitapewa vifaa vya masikio, nitapimwa tena baadaye, lakini kuruka peke yangu juu ya mashamba, hapana. Nilimuuliza ana uhakika. Akaniandikia: ndiyo, mzee. Nikaikunja ile karatasi nikaitia mfukoni. Nimeumia, siwezi kukudanganya. Nilikaa garini na mama yako na hatukuwasha injini kwa muda mrefu.

Mwenyekiti nilimwambia yote hata kabla ya daktari. Akaniomba nimtafutie rubani. Nimempata. Ni mama mmoja mwenye mapacha, alikuwa anafundisha chuo cha urubani, mkono mzuri, haongei sana. Wa kwanza kuingia naye matatani ni mimi. Alipoona zile taa juu ya dashibodi akasema yeye hazihitaji, alifundishwa kurusha kwa kuhisi. Nikamuuliza alifundishwa na nani. Akanitajia jina. Bisibisi, huyo mwalimu wake ni mwanafunzi wangu, mmoja wa wale niliowatoa jasho kwa kanga! Nimekula sumu yangu mwenyewe kwenye sahani ya mtu mwingine.

Nikamnyima ufunguo. Nilimweka kwenye kivuli cha bawa, nikamsimulia Jumamosi ile tangu mwanzo, pamoja na sehemu ambayo niliendelea kuvuta. Hiyo ndiyo niliyoirudia. Akasikiliza. Kisha tukapanda wote wawili, mimi kiti cha nyuma, tangi limejaa maji, nikamwambia aifanye kona yangu ya bondeni, lakini juu, mbali na ardhi. Nilitazama taa kupitia juu ya bega lake. Njano, njano, kisha nyekundu, na yeye bado anatabasamu kwa sababu kiti kilikuwa kizito na mwendo ulikuwa sawa. Nikamgusa bega. Alipoiona, aliacha kutabasamu.

Jana alianza kazi. Wakulima walikuwa wamesimama ukingoni mwa shamba, wakaanza maneno yao, kwamba kona zake ni pana mno, mzee alikuwa anabana pale pale kwenye miti, mzee alikuwa anamaliza shamba hili kabla ya chai. Alikuja kunieleza, nikaona kwenye midomo yake kwamba ameanza kuona aibu. Alitaka nimwonyeshe nilivyokuwa nabana.

Nilimwambia kona ile siifundishi tena. Nikamwambia, mwanangu, ukiwa kule mwishoni na taa ikawa nyekundu, usijiulize mzee angefanyaje. Mzee angekufa. Shusha pua.

Baba yako